Jumamosi za Bibi Hanne

Jumamosi, 3 Mei

Mabasi mawili hadi Shard End, kama kawaida. La pili limechelewa. Nimefika saa mbili na dakika tano, nikatoa ufunguo kwenye kisanduku cha ukutani, nikaita kwa Kijerumani kabla sijavua koti. Usipoita, Bibi Hanne anajifanya kiziwi.

Kahawa. Kichujio chake cha kauri, karatasi, maji mara tatu. Ukimwaga yote kwa pamoja anajua kwa harufu tu na kikombe anakisukuma kando. Nimemwogesha, nimempaka mafuta miguuni, nimemvalisha soksi za kubana. Leo amenifundisha maneno ya reli: daraja, njia panda, mlinzi wa geti. Baba yake alikuwa mlinzi wa geti la reli huko Braunschweig. Mimi nasomea uhandisi wa reli. Anasema Mungu ndiye aliyenituma. Mimi nasema ni ofisi ya zamu.

Miaka miwili sasa, kila Jumamosi. Aliolewa na mwanajeshi Mwingereza, akaletwa Birmingham akiwa na miaka ishirini na miwili, na hajawahi kurudi kwao. Ana miaka tisini na miwili. Ombi lake ni moja: nikienda, nipige picha ya mlango wa nyumba yao, nije nikae naye mezani nimwonyeshe.

Nikienda. Nafasi ya kwenda kusoma huko ni moja tu kwa idara nzima, muhula mmoja, chuo cha mji huohuo. Majibu wiki ijayo. Nimeandika kwenye folda ya kumbukumbu za mteja, juu ya friji: amekula, amekunywa, amefurahi. Sahihi yangu. Nimefunga mlango.

Jumapili, 4 Mei

Mama amepiga simu kutoka nyumbani, Keroka. Bado anasisitiza: safari haitangazwi mpaka umekanyaga huko. Watu wana macho. Basi hata Shangazi Moraa, ninayeishi kwake hapa Sparkhill, anayenipikia na kunifulia, hajui kwamba nimeomba. Kila nikimtazama najisikia mnafiki.

Anayejua ni Purity peke yake. Darasa moja, kanisa moja, kampuni moja ya kuhudumia wazee. Ilibidi nimwambie mtu, la sivyo ningepasuka. Ndiye aliyenisahihishia barua ya maombi. Alikaa nayo siku mbili.

Alhamisi, 8 Mei

Sikupata.

Hilo ningelimeza. Lililonikaba ni sentensi ya mwisho ya barua pepe. Kamati imegundua kwamba barua yangu inafanana mno na nyingine iliyotangulia kufika. Hawatalifikisha suala mbele zaidi. Wananishauri siku zijazo nitumie maneno yangu mwenyewe.

Maneno yangu mwenyewe!

Nimesoma mara nne nikiwa nimekaa kwenye ngazi za idara. Watu wakanipita. Sielewi. Au naelewa na sitaki.

Ijumaa, 9 Mei

Naelewa.

Wameweka jina lake kwenye ukurasa wa idara. Purity Kendi. Na kipande cha barua yake chini ya picha: jinsi kila Jumamosi anavyomwandalia kahawa bibi mmoja wa Shard End, maji mara tatu, na jinsi bibi huyo, binti wa mlinzi wa geti la reli, alivyomfundisha Kijerumani neno kwa neno.

Amekwenda kwenye nyumba ile mara moja. Moja! Februari, nilipolazwa na mafua. Aliniibia bibi mzima, na kahawa yake, na marehemu baba yake.

Hana haya wala soni. Namchukia. Naandika wazi ili kesho nisijidanganye kwamba nimemsamehe: namchukia.

Jumapili, 11 Mei

Ametoa ushuhuda kanisani. Kavaa gauni la njano. Hakungoja kukanyaga huko wala nini, ameitangaza safari kwa kipaza sauti, na macho ya watu hayakumfanya kitu. Baadaye akanikumbatia, akaninong'oneza, "Usijali my dear, wewe ni bright, utapata ingine." Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Manukato yake yamebaki kwenye nguo zangu.

Kisha Shangazi, kwa moyo wake mkubwa, akasimama akatoa nyumba yetu kwa maombi ya shukrani. Jumapili ya tarehe ishirini na tano. Njiani kurudi alikuwa tayari anapanga.

"Nyaboke, wewe utafanya chapati. Zako ni laini kuliko zangu."

Nikasema sawa, Shangazi. Nimenyonga unga wa leo kana kwamba ni shingo ya mtu.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekwenda kwa mhadhiri anayesimamia safari za wanafunzi. Si mtu mbaya. Amenisikiliza, amenitazama jinsi daktari anavyomtazama mgonjwa anayejitafutia ugonjwa. Barua ya Purity ilifika Jumanne. Yangu Alhamisi. Nikamweleza kuhusu zile siku mbili za kusahihishwa. Niliichapa, nikampa mkononi. Hakuna ujumbe, hakuna barua pepe, hakuna chochote.

Akauliza nani mwingine alijua kwamba naomba. Mzazi? Mlezi? Rafiki mwingine? Mtu yeyote niliyemsomea barua kabla?

Hakuna. Nilificha vizuri sana. Nilificha mpaka nikamwachia mwizi mlango wazi na mashahidi wote nje.

Amesema nikipata ushahidi wa maandishi, nirudi. Nimemshukuru. Nimelia chooni, nikanawa, nikaingia darasani. Purity alikuwa ameniwekea kiti.

Jumatano, 14 Mei

Siwezi kusoma. Mtihani uko wiki mbili mbele na mimi natunga hotuba. Nazitunga kwenye basi, nazitunga nikimenya vitunguu. Katika moja Purity anaanguka magotini. Katika nyingine mchungaji anamnyang'anya ile Biblia anayoibeba kama mkoba. Hotuba tamu kuliko zote ni fupi, ina jina la Bibi Hanne tu, na Purity anakimbia mwenyewe.

Sitaki aombe msamaha. Nataka akione cha mtema kuni.

Jumamosi, 17 Mei

Nimepata!

Nilikuwa nimemaliza kazi, nimechukua folda kuandika ya leo, na kalamu ikaisha wino. Nikafungua kurasa za nyuma kutafuta ile penseli inayokaaga humo. Nikajiona. Jumamosi baada ya Jumamosi, tangu Januari. Mwandiko wangu. "Amenifundisha majina ya vyombo." "Ameniimbia, kisha amelala." "Amesimulia geti la baba yake." Saa ya kufika, saa ya kuondoka, sahihi.

Jumamosi kumi na nane ni zangu. Moja ni ya Purity. Tarehe kumi na tano Februari. Nayanakili kama yalivyo, maana nimeyakariri: "Mteja amekataa kahawa. Anaongea lugha nisiyoielewa. Huenda amechanganyikiwa. Ofisi ifuatilie."

Lugha nisiyoielewa. Kwa mkono wake! Na sahihi yake yenye mkia!

Nilicheka mpaka Bibi Hanne akauliza kuna nini. Nikamwambia nimefurahi. Akafurahi naye.

Folda haitoki nyumbani kwa mteja. Haipigwi picha. Kilichomo hasomewi mtu. Tulitia sahihi siku ya kwanza ya kazi. Nimeiacha juu ya friji. Sasa hivi najiona mjinga.

Jumanne, 20 Mei

Purity amenikamata nje ya duka la nyama, Stratford Road, nikiwa na mifuko ya Shangazi. Mtu huyu ana ujasiri wa ajabu.

"Nyaboke, naomba unipe shift yako ya Saturday. Department wanataka picha yangu na yule cucu, bibi yako wa Shard End. Binti yake amekubali."

"Na Kijerumani utaongea nini naye?"

Alicheka kidogo, akaangalia viatu vyake. "Si ni picha tu."

Kubadilishana zamu ni jambo la kawaida kwetu, hatunyimani. Mwenye mtihani, mwenye mtoto mgonjwa, mwenye harusi. Anajua nikikataa ofisi itauliza kwa nini. Nikasema sawa. Akanibusu shavuni.

Nimefika nyumbani ndipo nikaona hatari. Jumamosi atakuwa na folda mikononi mwake. Ataandika ya siku hiyo, atafunua nyuma. Ule ukurasa hautaiona Jumapili.

Ijumaa, 23 Mei

Nimekwenda leo saa nne asubuhi, bila zamu. Mhudumu wa siku za kazi huwa ameshaondoka. Kisanduku, ufunguo, nikaita.

"Leo ni Jumamosi!" akasema Bibi Hanne. Furaha ilimjaa uso mzima. Nikasema ndiyo, ni Jumamosi. Nimepika kahawa. Maji mara tatu. Akanywa yote. Akaniuliza kama nimeshapata habari za Braunschweig. Nikasema karibu.

Kisha nikaenda kwenye friji nikafungua zile pete za folda nikatoa karatasi ya tarehe kumi na tano. Pete zililia. Akageuka. Macho yake ni mabovu lakini masikio ni mazima.

"Unachukua nini, mtoto?"

"Karatasi yangu tu."

Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini papo hapo, wala hakufikiri. Ndiyo mara ya kwanza nimemdanganya, na leo tu nimemdanganya mara tatu.

Karatasi iko ndani ya Biblia yangu. Haya. Kesho apige picha zake.

Jumamosi, 24 Mei

Sikwenda popote. Nimekanda unga. Nimekata kachumbari.

Picha imewekwa kwenye ukurasa wa idara saa tisa. Purity kapiga magoti kando ya kiti, kinywa wazi kwa tabasamu. Bibi Hanne haangalii kamera, anaangalia mlango. Kikombe mezani kimejaa mpaka juu. Mimi ndiye pekee katika Birmingham nzima ninayejua maana ya kikombe hicho.

Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyofaa.

Jumapili, 25 Mei

Nimefanya.

Watu kama ishirini na watano sebuleni, wengine kwenye ngazi. Watoto nyuma ya nyumba wanapiga kelele kwa Kiingereza. Nyimbo, neno, maombi. Kisha mchungaji akasema kama ilivyo desturi, anayemjua zaidi dada yetu asimame amsemee neno kabla hajashukuru. Wote wakanigeukia. Purity akanitabasamia.

Nikafuta unga mikononi. Nikatoa karatasi. Sikutumia hata moja ya zile hotuba zangu. Nikasema: mimi niliomba nafasi hii. Barua aliyoipeleka ni yangu. Bibi anayemsema ni wangu wa kila Jumamosi. Yeye alikwenda siku moja, na hivi ndivyo alivyoandika. Nikasoma. Polepole, na sahihi nikawaonyesha.

Mtu aliweka kikombe chini. Purity alikauka uso.

"Ni kweli?" mchungaji akauliza.

Purity akayatoa yote kwa mara moja. "Wewe ulikuwa na story. Mimi nilikuwa na nini? Natoka shift naingia class, natoka class naingia shift. Nikisoma yangu, nikisoma yako, yangu ilikuwa takataka. Nilijua hujaambia mtu." Akachukua mkoba wake akatoka. Chapati yake ilibaki kwenye sahani, imeng'atwa mara moja.

Nilingoja ule utamu. Ulikuja kidogo. Halafu Shangazi akasema, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu aliyepigwa kofi bila kosa:

"Kumbe uliomba, Nyaboke? Unakaa kwangu, unakula kwangu, na hukuniambia?"

Kabla sijamjibu nikamwona Dada Jane karibu na dirisha. Dada Jane, anayetupangia zamu sote. Alikuwa anaitazama ile karatasi mkononi mwangu. Nikaangalia sebule nzima. Mama Brenda, mhudumu. Dada Esther, mhudumu. Yule wa kwenye ngazi, mhudumu. Robo tatu ya watu mle ndani walitia sahihi ileile niliyotia mimi, na nimewasomea folda ya mteja kama tangazo la harusi. Nilikuwa nimemfikiria Purity peke yake kwa wiki mbili. Nilisahau sisi sote tunafanya kazi moja.

"Nyaboke," Dada Jane akasema, "unajua siwezi kujifanya sijaona hii."

Nilijua.

Jumanne, 27 Mei

Mhadhiri amesoma ukurasa, amesoma barua zote mbili, akavua miwani. Ameniomba radhi. Amesema Purity alikwishamwandikia jana, akakiri kila kitu. Nafasi ni yangu. Oktoba.

Nimeshinda. Nimempigia Mama, akapiga vigelegele, kisha akanionya nisimwambie mtu. Nikamwambia, Mama, hilo tumeshamaliza nalo. Nimemwambia Shangazi uso kwa uso, kila kitu tangu mwanzo. Alinisikiliza akichambua maharagwe. Mwishoni akasema, "Haya." Haya peke yake. Ningependa anifokee.

Jumatano, 28 Mei

Ofisi ya kampuni. Dakika kumi. Kuondoa kumbukumbu za mteja nyumbani kwake, kuingia bila zamu, kuzisoma hadharani. Sikukataa hata moja. Kazi imekwisha. Ya Purity pia, kwa kumwandika mteja kwenye barua yake. Niliposikia hilo nilifurahi. Halafu nikakumbuka kwamba barua ile ni yangu, na mimi nilimwandika kabla yake.

Nimerudisha karatasi. Nimerudisha kitambulisho. Nisikaribie nyumba ya mteja, nisimpigie simu, nisimpigie binti yake. Binti yake ameambiwa. Amesema hataki kutuona, si mimi wala yule mwingine.

Nikauliza nani atakwenda Jumamosi. Wakasema hilo si jambo langu tena.

Jumamosi, 31 Mei

Nimeamka saa kumi na mbili, nimevaa, nimefika mpaka kituo cha basi. Nikarudi.

Jumamosi, 7 Juni

Mtihani umekwenda vizuri. Purity alikaa mstari wa mbele, nywele zimefungwa ovyo. Hakugeuka. Nimechunguza moyo wangu kama nimemhurumia. Hapana. Ningemwangusha tena, na sebule ileile.

Lakini ile karatasi ningeiacha juu ya friji. Ningemleta mhadhiri mlangoni, au ningemwomba binti yake, au ningemwambia Shangazi tangu nilipoanza kuomba. Njia zilikuwepo. Nilitaka watu waone.

Napata Braunschweig. Nitasimama mbele ya mlango ule, nitaupiga picha. Na sina meza ya kuipeleka. Hilo ndilo nililojinunulia, na Purity hakuniibia hilo, nilijiibia mwenyewe.

Jumatano, 18 Juni

Nimekutana na Mama Furaha kwenye duka la unga, Ladypool Road. Mkongomani, tulihudumu naye kwenye nyumba moja mwaka jana. Hakujua chochote cha shukrani wala folda. Analalamika tu juu ya mteja mpya aliyepewa.

"Ni mama mmoja wa Shard End, muzungu. Kahawa anakataa. Njo kila siku ananiuliza: leo ni samedi, ni Jumamosi? Namwambia non, Mama, leo ni lundi. Kesho tena: leo ni samedi? Hata siku yenyewe ya samedi, nikimwambia oui, ananiangalia, anasema hapana, bado."

Niligeukia rafu za mchele. Halafu nikamwambia. Sijamficha kitu. Alisimama na kikapu chake akasikiliza mpaka mwisho, akapiga ulimi.

Sikumwomba abebe salamu. Nimekatazwa, na nimeshamharibia mtu kazi mara za kutosha. Nilimwambia tu vile bibi anavyopenda kahawa. Akasema atasahau, nimwandikie.

Nimeandika pale pale, juu ya gunia la unga, nyuma ya risiti ya duka. Aite kwa Kijerumani kabla ya kuvua koti. Nikamwandikia neno lenyewe jinsi linavyotamkwa. Kichujio kiko kabati la kushoto. Maji mara tatu, na angoje kati. Jina langu sikuliweka.

Jumamosi, 21 Juni

Mama Furaha amepiga simu saa nne asubuhi. Bibi Hanne amekunywa nusu kikombe. Risiti yangu ameitoboa mashimo mawili, ameiweka kwenye folda, mbele kabisa, ili na wahudumu wengine waione.

Nimemshukuru. Nimempelekea Shangazi chai chumbani, akasogea nikakaa. Tumetazama barabara. Basi la kwenda mjini limepita limejaa.